Maji ya Abdi na mbuzi wa Mama Halima

Leo mtu amefanya wema shambani, na mbuzi wamekufa.

Asubuhi tulimwaga mbolea ya urea kwenye mpunga wa Abdi, hapa Garissa karibu na Tana. Kazi yangu ni kukadiria kwa kompyuta maji na mbolea vinakoelekea. Nikamwambia Abdi asifungue tuta linalozuia maji wiki hii, mbolea isije ikapotea na maji.

Mchana akapita Mama Halima, mfugaji, na mbuzi wake kutoka upande wa Bura. Ndimi nje.

Si mnajua huku? Mnyama mwenye kiu hanyimwi maji. Abdi akafungua tuta, mbuzi wakanywa.

Niliporudi shambani, mbuzi wanne walikuwa chini, matumbo yamefura, wanatetemeka.

“Wallahi nilijua mbolea yangu itapotea,” Abdi akaniambia. “Nikasema ipotee tu, ni sadaka. Lakini wewe hukuniambia inaua.”

Nyinyi mngemjibu nini?

Kwenye mchoro wangu wa kompyuta kuna mshale wa maji unaotoka nje ya shamba. Niliuandika “upotevu”, nikaishia hapo.

Mama Halima alipoinuka kuondoka na waliobaki, alimwombea Abdi dua, akimshukuru kwa yale maji.

Jamani, hata “amina” ilinishinda.