Spika Ndogo za Mama Flora

Florian Mniko alipostaafu ufundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, kuna vitu alivyokataa kabisa kuachana navyo: amplifaya yake ya ujanani, yenye uso wa rangi ya fedha na vitufe vizito vya kuzungusha, na spika mbili kubwa kama makabati alizozitengeneza mwenyewe kwa mbao za mvule. Nyumbani kwao Butiama sebule ilikuwa pana na jirani wa kwanza alikuwa mbali. Akiwasha muziki Jumapili mchana, vikombe vilitembea vyenyewe mezani.

Kisha magoti ya mkewe, Ursula, yakaanza kusumbua. Kliniki yake ilikuwa Musoma mjini, na kila safari ilimchosha, kwa hiyo wakahamia kwenye nyumba ndogo ya kupanga Nyasho, mjini hapo hapo. Sebule ya huko, ukishaweka makochi na meza, mtu anapita kwa ubavu. Spika za mvule zilipoingizwa, mlango wa chumbani ukakataa kufunguka.

"Baba Flora," Ursula akasema, "hapa inabidi uchague. Ni hayo makabati au ni mimi."

Florian akafikiri kidogo. Ursula aliona amefikiri kupita kiasi.

Spika zikarudi Butiama, zikapewa ukumbi wa kigango cha kanisa. Amplifaya ikabaki kwenye rafu, bubu, Florian akiifuta vumbi kila asubuhi kwa upole kama mtu anayemhudumia ng'ombe mgonjwa. Hakulalamika hata mara moja. Ila alianza kusikiliza muziki kwenye simu, na ili ivume kidogo akawa anaitumbukiza ndani ya kikombe cha chai. Ursula alipomkuta amekiinamia kile kikombe, sikio limekaribia kuingia ndani, moyo ukamuuma.

Akampigia Hezron, fundi redio wa Bunda aliyewahi kufanya kazi kiwandani pamoja na Florian.

"Shemeji," Hezron akamwambia, "siku hizi kuna spika ndogo za kuweka kwenye rafu, ni nzuri tu. Lakini kwanza angalia nyuma ya amplifaya, imeandikwa omu ngapi, yaani ukinzani wa spika inazozitaka."

Ursula akavaa miwani, akapenya nyuma ya rafu. "Nane."

"Basi chukua spika za omu nane. Usishuke chini ya hapo. Hiyo mashine ni mzee, ukiipa mzigo usio wake itachemka, izime."

Binti yao, Flora, akazitafuta huko Mwanza, zikafika kwa basi ndani ya boksi. Florian akazitoa moja moja, akaziweka kiganjani.

"Hizi ni spika," akauliza, "au ni watoto wa spika?"

Wakaziweka juu ya kabati, zimebanwa ukutani, wakaunganisha nyaya. Sauti ikatoka nyembamba, ikielea juu karibu na dari, na upande wa kushoto ukawa unakwaruza.

"Umeona?" Florian akasema kwa furaha ya mtu aliyeshindwa kupata muziki lakini ameshinda ubishi.

"Nimeona. Na hiyo mashine yako nayo inakohoa."

Hilo hakuweza kulipinga. Kesho yake akaifunga amplifaya kwenye shuka, akaenda nayo Bunda. Hezron akaifungua, akabadilisha kapasita zilizokauka, akasafisha kitufe cha sauti kilichojaa uchafu wa miaka. Mkwaruzo ukaisha. Wakati wa kuagana akamshika rafiki yake begani.

"Mniko, zile zako za mvule zilikuwaga za kutikisa nyumba. Hizi hazikuja kutikisa. Zitoe ukutani, ziweke usawa wa masikio, moja huku, nyingine kule, halafu ukae katikati. Utulie usikilize."

Florian alirudi akiwa haamini sana. Ursula ndiye aliyeleta stuli za jikoni, akaziweka mbele ya rafu, spika moja juu ya kila stuli, akamkalisha mumewe katikati. Flora alikuwa amehamishia kwenye simu ya baba yake kaseti ya zamani: bendi ya vijana wa parokia, iliyorekodiwa Nyegina enzi Florian akipiga gitaa la besi. Ursula akachomeka simu, akabonyeza.

Besi ikaingia, safi, bila kuvuma. Ngoma zikakaa nyuma, waimbaji katikati. Florian akaanza kutikisa kichwa, kisha akaacha.

"Rudisha."

Ursula akarudisha.

"Unasikia huko kulia? Kuna gitaa la pili."

"Nasikia. Linacheza cheza kama mbuzi."

"Mama Flora, hilo ni gitaa la Robert!"

Robert ni rafiki yake wa bendi, mvuvi na mkulima wa Mugango. Tangu ujana wao walikuwa na ubishi mmoja usioisha. Robert alishikilia kwamba siku ile ya kurekodi alipiga gitaa la pili. Florian alishikilia kwamba Robert aliona haya mbele ya kinasa sauti, akashika gitaa tu bila kugusa uzi. Ushahidi wake ulikuwa kaseti yenyewe: kwenye spika za mvule gitaa lile halikuwahi kusikika. Spika zile zilipenda besi, na besi ilikuwa yake mwenyewe.

"Nimemfunika yule bwana miaka yote," Florian akasema, akicheka huku anajifuta macho.

Jumamosi wakapanda gari kwenda Mugango, amplifaya ikiwa ndani ya shuka lake, imepakatwa na Florian, spika zikiwa ndani ya kapu la Ursula. Robert na mkewe, Sara, waliwapokea wakidhani wameleta mtoto wa mtu. Florian akaomba stuli mbili. Akazipanga na spika juu yake, akachomeka simu, akamkalisha Robert katikati.

Gitaa la pili lilipoingia, Robert akaruka kutoka kitini. "Mimi huyo! Sara, njoo! Nilikuwaga nasema, nikaitwa mwongo!"

"Ni wewe," Florian akasema. "Nimekuja mwenyewe kukuambia. Ni wewe, na ulipiga vizuri."

Robert akaketi, akataka irudiwe, kidevu juu, akimtazama mkewe. Safari hii alisikiliza kwa makini. Kwenye kiitikio uso ukabadilika.

"Rudisha hapo." Ikarudishwa. "Hapo nimekosea."

"Wapi?"

"Hapo. Wote mmeenda huku, mimi peke yangu nimeenda kule. Shemeji Ursula, umesikia?"

"Nimesikia, shemeji. Umepotea kabisa."

Robert akashika kichwa. "Kumbe bora ningekubali tu kwamba sikupiga!"

Florian alicheka mpaka akashuka kutoka kwenye kiti, akaketi sakafuni. Sara akaleta sato na ugali, nao wakala huku wimbo ukirudiwa tena na tena, kila ukifika kwenye lile kosa wote wanne wakipiga kelele. Baadaye Robert akatoa gitaa lake chumbani, lina uzi pungufu, akajaribu kulipitia lile pigo upya, Florian akimwimbia besi kwa mdomo. Gari la mwisho la kurudi Musoma likapita barabarani likipiga honi. Hakuna aliyeinuka.