Majina Niliyoyajua na Maji Nisiyoyachemsha

Siku moja ya mavuno ya mpunga huko Tindiga naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Jana nilikusikia ukibishana na wenzako: kati ya wanasayansi wa kale, nani aliyeibadilisha dunia kuliko wote. Ubishi ule naujua. Nami niliuweza sana.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa dada yangu Mwajuma nikisubiri kuitwa kidato cha tano. Majina ya wagunduzi niliyajua kama wimbo: wa umeme, wa chanjo, wa vijidudu, na nchi walikozaliwa. Vijiweni waliniita Profesa, na jina lile lilinilevya.

Dada alikuwa akienda shamba alfajiri, akiniachia mwanawe Zuhura wa miaka miwili. Neno lake lilikuwa moja: "Mdogo wangu, maji ya mtoto uchemshe." Mvua za mwisho zilikuwa zimelowesha kuni. Nikayatazama maji ya kisima, nikayaona meupe kabisa, nikamnywesha hivyo hivyo. Siku ya kwanza salama, ya pili salama. Uvivu hauumi siku unapouanza.

Siku ya tatu mtoto aliamka akiharisha na kutapika. Kufika saa sita macho yalikuwa yamezama, analia bila machozi. Nikamfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake, nikapanda baiskeli mpaka zahanati.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, Bi Asumpta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku mikono yake ikiwa tayari kwa mtoto. Alimtundikia dripu, akanawa, ndipo akanigeukia.

"Anakunywa maji gani?"

"Ya kisima. Lakini ni meupe, mama."

"Vijidudu unaviona kwa macho? Shuleni hamkusoma?"

Hapo, mwanangu, ujinga wangu ukasimama wima. Nikamjibu kwamba nilisoma, tena jina la aliyevigundua nalijua. Nikalitaja, na nchi yake nikaitaja.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Vizuri. Na maji ulichemsha?"



Akaketi kando ya kitanda. "Zamani huko Ulaya," alisema, "kulikuwa na daktari aliyeona kinamama wanakufa baada ya kujifungua. Akawaambia madaktari wenzake wanawe mikono kwa dawa kabla ya kuwazalisha. Wakamdharau. Akafa bado hawajamsadiki. Jina lake gumu, hunitoka kila mara. Lakini mikono nanawa."



Zuhura alipona baada ya siku tatu. Dada hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilichemsha, nikasema sikuchemsha. Asubuhi iliyofuata alimpeleka mtoto kwa jirani, na ikawa hivyo mpaka mavuno yakaisha. Nilikuwa nikiwaona wakipita mlangoni, mtoto akinipungia mkono, na dada akitazama mbele. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Baadaye nilifundisha sayansi miaka mingi hapa Kilosa, na aibu ile haikuwahi kunitoka.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nani mkubwa kati ya watu wale, mimi mpaka leo sijui, na sidhani wao walilijali hilo. Walichotaka ni mtu fulani, mahali wasipopajua, afanye walichokigundua. Basi yasome majina yao, ni haki yao kukumbukwa. Lakini ukijua jambo lenye kuokoa uhai, lifanye siku hiyo hiyo, hata kuni zikiwa mbichi, hata kama hakuna anayekutazama. Na ukikosea, sema nimekosea kabla hujajitetea.

Mungu akupe elimu inayofika mikononi, akulindie wadogo watakaowekwa chini ya uangalizi wako, na akujalie moyo wa kuonyeka mapema kuliko nilivyoonyeka mimi. Amina.