Kishonanguo na Kahawa ya Kutafuna

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa muuguzi wa zahanati moja milimani, kati ya Nshamba na Buganguzi, na sikuwa na mtu. Nilizaliwa Bukoba mjini, baba yangu mtu wa pwani, Kihaya changu cha kuokoteza. Wanawake wa kijiji walinisalimu kwa adabu, wakaeleza shida zao, wakarudi migombani. Mimi nilibaki na friji ya mafuta ya taa, nikichungulia moto wake kila asubuhi kama ninayeuguza mgonjwa. Nilikuwa nazungumza nayo, wala sioni haya kusema.

Ndani ya friji ilikaa chanjo ya surua. Chuoni, mwalimu wetu alichora ubaoni duara lenye miiba pande zote. Akasema hicho ndicho kirusi, na miiba ni protini kinazotumia kushika seli.

"Si kuwa nayo tu," alisema, "ni wingi wake. Ikisongamana, kirusi hushika na kuingia. Ikichakaa ikabaki michache, hupita njia."

Mimi ni mbishi. Mchana ule nikachuma kichwa cha kishonanguo nyuma ya bweni, nikakirusha kwenye sweta ya mwenzangu. Kikanata. Nikakinyofoa mbegu zake, nikaacha mbili tatu, nikarusha tena. Kikaanguka chini. Mwenzangu alinitukana, lakini nilikuwa nimeelewa.

Sasa chanjo yetu nayo ni kirusi hai, ila kimefugwa. Lazima kiingie ili mwili ujifunze kupigana na kile kirusi kikali chenyewe. Joto huharibu ile miiba, na kwa macho hujui, maana maji ni yale yale. Ukishauchanganya unga wake na maji una saa chache tu, tena kwenye baridi.

Siku moja nilikuwa nachanja nyumba kwa nyumba, kisanduku cha barafu begani. Nilichanganya chupa nyumba ya juu, nikachoma watoto wawili, kisha nikashuka kwa bibi mmoja aliyekuwa akilea mjukuu wake wa kike. Bibi akanivuta ndani. Akaleta kikapu kidogo cha kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, zile za kutafuna, akamwani wanavyoziita. Mgeni wa heshima hupewa hizo, na mgeni mwenye akili hakatai. Miezi saba nilikuwa pale, na hakuna aliyewahi kunipa hata punje.

"Kaa, mwana wange," alisema. "Unapitapita kama mtu anayefukuzwa."

Nikakaa. Nilipaswa kuchoma kwanza, nalijua hilo. Kisanduku nilikiacha nje chini ya mgomba, kifuniko sikukikaza. Nikatafuna moja, nikatafuna ya pili. Akaniuliza habari za mama yangu, nami nikasimulia mpaka nikalia.

Nilipotoka, kivuli kilikuwa kimehama zamani. Barafu ilikuwa maji na chupa ilikuwa vuguvugu. Ningemwambia nini bibi? Kwamba ukarimu wake umeharibu dawa? Kwamba nitarudi siku nyingine, wakati ndiyo kwanza amenipokea? Nikamchoma mtoto, nikaaga.

Surua ilipopita kijijini, watoto wa nyumba ya juu haikuwagusa. Yule mjukuu ilimlaza. Masikio yalitoka usaha majuma mengi, na alipoinuka hakusikia tena mtu akimwita kwa nyuma. Bibi akawaambia watu kwamba siku ile mtoto alilia mno, dawa ikatoka na machozi. Alikuwa ananitetea.

Sikuweza kuvumilia. Nikaenda, nikasimama mlangoni, nikamweleza yote, kisanduku, jua, hata ile miiba.

"Bibi, dawa ilikuwa imeharibika. Nilijua, nikamchoma hivyo hivyo."

Alimtazama mtoto aliyekuwa akicheza peke yake uani.

"Iliharibika ulipokuwa umekaa kwangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi ni mimi niliyekukalisha."

Nikamwambia hapana, kosa ni langu peke yangu. Akatikisa kichwa. Nilikwenda kutua mzigo wangu, nikamtwisha yeye, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko sindano yenyewe. Hakunifukuza. Ila kikapu hakikuletwa, nami nikarudi kwa friji yangu.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kemondo. Watu wa kule juu waliokuja bandarini walinipa habari zake. Waliniambia bibi aliendelea kukaribisha wageni kwa kahawa mpaka alipofariki. Lakini mgeni akifika, awe padri, awe jirani wa siku zote, alimsimamisha kwanza mlangoni na kumuuliza, "Umebeba nini?"