Habari Niliyoivukisha Bahari

Tarehe kumi na tano Aprili, saa moja na nusu asubuhi, nilimpoteza mke wangu. Alianguka jikoni kwetu, mtaa wa Okolona, akiwa amevaa sare yake ya kazi ya kutunza wazee, kiatu kimoja kimefungwa kamba, kingine bado. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naegesha gari, nimetoka kazi ya usiku ghalani. Madaktari walisema ni kiharusi, na kwamba hata ningefika mapema nisingeweza kufanya kitu. Nadhani walisema hivyo kwa wema.

Siandiki haya ili nimlilie. Kumlilia nimemlilia na bado ninamlilia. Naandika kwa sababu ya jambo nililolifanya baada ya hapo. Watu wa kanisa letu hapa Louisville wanalisifu mpaka leo, na kila wanapolisifu mimi naangalia chini.

Mungu alitupa mtoto mmoja, msichana. Alizaliwa kambini Tanzania, tulikokimbilia kutoka Burundi, akafika Amerika ana miaka sita. Mji wetu wa kwanza ulikuwa Buffalo. Tulikaa ghorofa ya juu ya nyumba kuukuu ya mbao yenye baraza pana, na kila Jumamosi mama yake alimsuka nywele pale barazani. Baadaye tulihamia Louisville kufuata kazi za maghala. Alipofika umri wa chuo alirudi Buffalo, kusoma chuo cha Amherst kando ya mji, akikaa kwa mama yake mdogo, yaani mdogo wa mke wangu. Alipomaliza akapata kazi ya kufundisha Kiingereza Japani, katika mji mmoja wa bandari. Alikuwa ametimiza miaka miwili huko. Tiketi zetu mbili za kwenda kumwona zilikuwa za tarehe ishirini na saba Aprili. Mke wangu alikuwa amekwisha nunua sanduku.

Lazima nieleze jinsi tunavyofanya sisi. Kwetu habari ya kifo haipigwi simu kwa mtu aliye peke yake. Kwanza unatafuta nani yuko karibu naye. Watu wawili watatu wanakwenda kwake, wanaketi, wanaomba maji ya kunywa. Mwanamke mmoja anasogea kukaa ubavuni mwake, tayari kumshika. Ndipo mtu mzima anasema. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa habari ya baba yangu, na mara nyingi, kambini na hapa, mimi nimekuwa yule mtu mzima. Sasa nani alikuwa karibu na mtoto wangu? Mji ule hauna Mrundi. Hauna Mkongo. Hakuna hata mtu mmoja wa kanisa letu.

Siku ileile jioni mdogo wangu alifika kutoka Columbus, anakoishi mtaa wa Linden, na shemeji yangu, yule mama mdogo wa mtoto, akafika kutoka Buffalo. Tuliketi sebuleni.

"Kaka, tiketi unayo," mdogo wangu alisema. "Nenda ukamwambie uso kwa uso. Ukimpigia simu akaanguka, nani atamwokota?"

"Siku kumi na mbili?" shemeji akauliza. "Huyo aliyelala ni mama yake. Mpigieni leo, apande ndege, mazishi tuyasogeze."

"Apande ndege peke yake na habari ile kifuani, saa kumi na nne hewani?"

"Watu wanapanda."

"Wazungu ndio wanapanda."

"Na sisi tuna moyo wa karatasi?" shemeji alisema. "Huyu mtoto atatuuliza, nawaambia. Siku moja atatuuliza."

Wakanigeukia mimi. Nikasema hatutamwambia mpaka nifike. Nilisema ndiyo desturi yetu, na watu wote wakaitikia kwa kichwa. Lakini desturi haikuwa sababu yangu yote. Niliogopa kusikia kilio chake kwenye simu nami niko mbali. Niliogopa kwa ajili yangu, nikaiita huruma kwa ajili yake.

Uongo mmoja ukazaa mwingine. Alipopiga simu, nilisema mama koo limemshika, amepotewa na sauti. Alipozidi kuuliza, nilichukua simu ya mke wangu nikaanza kumwandikia kwa jina la mama yake. "Nimeamka salama mwanangu." "Koo bado, usihangaike." Kanisani nilisimama nikaomba mtu yeyote asiweke picha ya msiba mtandaoni. Misiba yetu hupigwa video tangu mwanzo hadi mwisho, ili walio Kanada, walio kambini na walio Burundi nao wazike. Yule ndugu wa kanisa anayepiga video alikuwa ameshaweka kamera yake juu ya stendi ya miguu mitatu. Nilimwambia aikunje. Akaikunja.

Siku ya mazishi, tukitoka makaburini, simu ya mke wangu ilitetemeka mfukoni mwangu. Mtoto alikuwa ametuma picha ya nyumba ya mbao ya rangi ya majani mabichi iliyopauka, yenye baraza mbili, moja juu ya nyingine. Alikuwa ameandika: "Mama, nimetupatia mahali pa kulala karibu na hii. Si inafanana na ile yetu ya Buffalo?" Udongo ulikuwa bado kwenye viatu vyangu. Nikaandika: "Nzuri sana mwanangu. Nitafurahi kuiona."

Tarehe ishirini na nane alinipokea uwanja wa ndege. Alinikumbatia, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

"Daktari amemkataza kupanda ndege na koo lile."

Aliniangalia kwa muda. Nilidhani ananiona nimechoka. Akachukua sanduku mkononi mwangu, akasema, "Haya, baba. Karibu Japani."

Tulipanda treni mbili. Njia nzima nilijiambia nitasema tukishuka, na tuliposhuka nikasema tukishakula. Nyumba ya wageni ilikuwa chini ya kilima, chini kidogo ya ile nyumba ya picha. Ilikuwa ya Kijapani: mikeka minene sakafuni, milango ya kusukuma ya karatasi, meza fupi isiyo na viti. Mwenye nyumba, mama wa umri wa makamo, alituletea chai akapiga magoti kuiweka mezani kama anamhudumia askofu. Kisha akaonyesha magodoro yaliyokunjwa kabatini.

"Tunalala chini?" nikauliza.

"Chini, baba."

"Miaka kumi na tano kambini tumelala chini bure. Leo unalipia."

Akacheka, nami nikacheka. Nilimsikia akicheka nikajua ile ndiyo ilikuwa nafasi, jua bado lipo, mama mwenye nyumba yuko mlango wa pili. Sikusema. Yeye alishika kikombe kwa mikono miwili, ananiangalia.

"Baba, una jambo?"

"Ni uchovu wa safari."

"Sema tu kama lipo."

"Ni uchovu."

Akasema sawa.

Asubuhi tulipanda kilima. Ile nyumba ya picha, ambayo sasa ni makumbusho, ilifunguliwa saa tatu, na sisi tulikuwa wageni wa kwanza. Mlangoni kulikuwa na mama mzee wa kujitolea, mwenye beji kifuani. Alitupa mifuko ya plastiki ya kubebea viatu, na ndala za kuvaa ndani ambazo hazikunienea. Soksi yangu ilikuwa na tundu kwenye kidole. Mtoto aliliona, akageuza macho.

Alinieleza kwamba nyumba ile ilijengwa na mfanyabiashara wa kizungu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mafundi walikuwa Wajapani ambao hawakuwahi kujenga nyumba ya namna ile. Kuta, madirisha na mahali pa kukokea moto ni vya kizungu, lakini ukitoka nje ukainua macho, paa ni vigae vya kwao. Ndani kulikuwa na meza ya chakula iliyopangwa sahani za watu wanane. Kulikuwa na kitanda kirefu cha chuma na mashuka meupe, na kamba nyekundu ya kuzuia watu. Vioo vya madirisha vilikuwa vya zamani, vyenye mawimbi, hata meli zilizokuwa bandarini zilionekana zimepinda. Yote haya nayakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa navitazama vitu ili nisimtazame yeye.

Tulitoka kwenye baraza ya juu. Kulikuwa na benchi. Hakuketi.

"Nilipanga mama akae hapa," alisema. "Nimsuke mimi safari hii."

Nikashika ukingo wa baraza.

"Baba, mama hajawahi kuniandikia. Miaka miwili, kila siku ananitumia sauti yake. Akiwa kazini, sauti. Akiwa na mafua, sauti. Mtu aliyepotewa na sauti, mama ninayemjua mimi, angenitumia hata kikohozi. Nani alikuwa ananiandikia?"

Nilitazama chini, nikaona ile soksi.

"Nimekungoja jana kutwa," alisema. "Kwenye treni nilikungoja. Kwenye chai nilikungoja. Nakuuliza sasa."

Ndipo nilipofanya kosa la mwisho, na nililifanya kwa nia njema, kama mengine. Nilimwambia, "Turudi kwanza kule tulikolala. Yule mama mwenye nyumba aje akae nawe."

"Akae nami ya nini?"

"Awe karibu yako tu."

Mtoto aliyekulia kwetu anajua maana ya mwanamke kutafutwa aje kukaa ubavuni mwake. Niliona uso wake unaelewa. Sikuwa nimelitamka neno lenyewe, na mpaka leo sijalitamka mbele yake.

"Lini?" akauliza.

"Tarehe kumi na tano."

Akahesabu kwa vidole, polepole.

"Mmeshazika."

"Tumeshazika."

"Nani alimvika?"

"Mama yako mdogo."

"Nionyeshe video."

Nikatoa simu, nikairudisha mfukoni.

"Baba. Video iko wapi?"

"Nilikataza wasipige. Usije ukaiona."

Hakupiga kelele. Kile kilio nilichokiogopa siku zote zile hakikuja. Alikaa chini kwenye mbao za baraza, akaweka mfuko wa viatu vyake mapajani. Yule mama mzee wa mlangoni alikuwa amepanda ngazi. Akasimama mlangoni pa baraza, akauliza kitu kwa sauti ndogo. Mtoto wangu akamjibu kwa Kijapani, maneno machache. Mama mzee akavuta pumzi, akapiga magoti pale kwenye mbao, akamwekea mkono mgongoni.

Nilielewa alichomwambia ingawa lugha siijui. Nilikuwa nimevuka bahari ili mtoto wangu asipokee habari ile peke yake, na sasa yeye mwenyewe ndiye aliyeitangaza, kwa mtu asiyemjua, wakati baba yake amesimama hapo na tundu kwenye soksi. Mama mzee alinigeukia, akaniinamia kwa heshima, kama anavyopewa pole mfiwa. Nami nikainama. Sikujua nifanye nini kingine.

Mtoto akampigia simu mama yake mdogo. Kule Buffalo ilikuwa bado jana usiku, saa mbili na nusu, na simu ikapokelewa haraka.

"Mama mdogo. Nimejua."

Sauti ya shemeji ilisikika wazi. "Ee Mungu. Uko na nani?"

"Niko na baba. Na wewe ulininyamazia."

"Nilikataa, mwanangu. Nilikataa wakanizidi. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha sasa. Niambie tu. Anzia asubuhi ya mazishi. Ulimkuta amelala vipi, ulimvika nguo gani, mliimba nini. Nani alikaa wapi. Usiruke kitu."

"Nitakuambia yote. Sikuandika popote, lakini kichwani ninayo yote."

Kisha mtoto akaninyooshea mkono kuelekea ngazi, bila kuniangalia. Nikashuka. Mezani sahani zile nane zilikuwa vilevile. Nilivaa viatu mlangoni, nikateremka kilima hadi nyumba ya wageni, nikakaa kwenye mkeka.

Alirudi adhuhuri, macho yamevimba, mkononi ana maboksi mawili ya wali na samaki. Alipiga magoti akaniwekea moja mezani, akafungua kifuniko, akaniwekea na kijiko, kwa kuwa vijiti sikuviweza.

"Mama mdogo anasema tangu msiba huli," alisema. "Kula. Nimeomba ruhusa kazini, narudi nawe Louisville."

"Mwanangu," nikaanza.

"Kula, baba."

Alichukua boksi lake akaenda kukaa karibu na dirisha, akanipa mgongo. Alikula wali wote. Nami nikala.