Kibanda cha Senge Nekesa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nilisimama katika soko la Busia nikitamani ardhi inimeze.

Senge Nekesa, dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Aliuza omena, dagaa wa ziwani kutoka ufuo wa Osieko, katika kibanda chake pale sokoni. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, nasi tukadhani ni yale mabeseni aliyobeba miaka yote. Daktari alipompima akasema ni mayeloma, saratani inayokaa ndani ya uboho wa mifupa. Mifupa yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba kuinua mtungi wa maji tu kungeweza kuivunja. Uchovu nao haukuwa ule wa kulala ukaamka mzima.

Mimi nikaogopa. Nikamnyang'anya jembe, nikamnyang'anya sufuria, nikamwambia alale. Halafu, bila kumwuliza, nikampa mama mmoja wa Malaba kibanda chake. Niliona nimemtendea wema.

Wiki ya pili, nikiwa pale kibandani na yule mama, senge akaja sokoni kwa miguu, mkongojo mkononi, akipumzika kila baada ya maduka mawili matatu. Pikipiki hangeweza kupanda, na mashimo yale ya barabara. Akasimama mbele yangu akihema.

"Nani alikwambia nimekufa?"

"Senge, nilitaka upumzike."

"Ugonjwa umechukua mgongo yangu, na wewe unachukua ile imebaki? Si ungeniuliza!"

Nililia mbele ya wateja. Yule mama wa Malaba, Mungu ambariki, akasogeza vitu vyake, yeye na senge wakagawana kibanda.

Tangu hapo nilimwona senge akiishi kwa mpango wake. Siku za kuchomwa sindano za dawa ya saratani hakutoka. Siku nyingine alichagua kazi moja, kufua au kuja sokoni, wala hakujaribu zote mbili. Aliketi kwenye kiti chenye egemeo, chupa ya maji kando kwa ajili ya figo zake, maana ugonjwa ule huziumiza pia. Mimi niliinua mabeseni, yeye akaongea na wateja, na ni yeye waliyemfuata, si omena. Maumivu yalipomzidi aliniambia wazi, "Leo siwezi," tukafunga. Hakuona haya. Aliuza hivyo miaka sita, na mpaka leo sijaona ujasiri kama ule.

Mwanangu, ukiwa na mgonjwa nyumbani, usimwamulie. Muulize leo anaweza nini, anataka nini, kisha umwinulie kile tu kilichomshinda. Mungu akupe mikono yenye nguvu na sikio lenye subira. Na siku utakapodhoofika wewe, akuletee mtu wa kukuuliza.