Papa na ile pompe yenye kurudilia maneno

Leo kidogo tu nikate kable yenye haikuwa na shida yoyote. 😅

Niko ku pompe ya maji ya kartie yetu, mtaa mumoja wa Kamina. Ninaunganisha automate, mashine yenye kutoa amri, na kidude chenye kuzungusha pompe.

Ninatuma: "Anza." Kidude kinanirudishia ileile "Anza." Pompe kimya.

Nikasema kable zimegusana. Nikashika pinse ya kukata!

Papa yangu, zamani chef de gare, mukubwa wa stesheni ya treni, alikuwa ameniletea bukari, ugali wetu. Akauliza:

"Inarudilia vile unasema?"

"Ndiyo papa, njo shida."

"Hapana. Ku telefone ya gare, benzetu ba gare ya Luena bakirudilia maneno yako, njo bamesikia. Kama habarudilie, treni haitoke."

Nikasoma manuel. Ni kweli: kidude kikirudilia amri, njo kimeisikia!

Pompe ilikuwa kimya sababu ya bouton ya kusimamisha, mimi mwenyewe nilisahau kuifungua. Nikaifungua, maji ikatoka.

Tangu utoto, hatukutoka ku nyumba bila kurudilia maneno ya papa. Nilifikiri papa hatuaminie sisi batoto. (Kwenu pia?)

Akapanda kinga yake, baiskeli ya zamani: "Kula ingali moto. Usikawie."

"Nitakula ingali moto, papa. Sitakawia."

Leo hakuniomba nirudilie.