Bia ya Kimea Nyumbani kwa Mzee Jasson

Katika ukoo wa Mzee Jasson Rwegasira wa Igurwa, posa haizungumzwi kabla pombe ya wageni haijaonjwa. Upande wa kijana huja na rubisi, pombe ya ndizi, na mtu mmoja wa upande wa binti huionja kwa niaba ya wote. Ikiwa nzuri, mazungumzo yanaanza. Ikiwa mbaya, wageni wanalishwa, wanashukuriwa kwa kuja, na wanarudi walikotoka kutafuta nyingine.

Kazi ya kuonja ilimwangukia Jasson baada ya mwonjaji wa kabla yake kuanza kusifu kila kitu. Ukoo ulimchagua kwa sababu hakuwa mlevi, na kwa sababu uso wake haukusema lolote. Siku alipomzika mama yake, waombolezaji waliotoka mbali walimwendea wakamuuliza mfiwa ni yupi. Kwenye kila posa alionja funda moja tu. Akimeza, alimpa dada yake Eustadia endeku, kile kibuyu kidogo cha kunywea, akasema "Inafaa" au "Haifai." Watu walizoea kumtazama koo, maana hapo angalau palikuwa na kitu kinachosogea.

Zaidi ya hayo alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, Mlutheri, mume wa Yudesi. Binti yao wa mwisho, Atuhaire, alikwenda Mwanza kufanya kazi katika duka la dawa, na huko akapata mchumba. Kijana aliitwa Ahabwe, mwenyeji wa Nyakatuntu kule Kyerwa, mtoto wa wafugaji. Hilo halikumsumbua Jasson. Lilimsumbua Eustadia.

"Wale ni watu wa maziwa, kaka," alisema. "Watatuletea nini cha kuonja?"

"Watanunua."

Walinunua kweli. Tumwine, baba yake Ahabwe, hakuwahi kutia pombe mdomoni, lakini aliulizia mama anayesifika kwa rubisi huko kwao, akajaziwa madumu mawili. Asubuhi ya safari akakuta vifuniko vimelegezwa. Mtu aliyebeba maziwa maisha yake yote hawezi kuona kifuniko kimelegea akanyamaza. Akavikaza kwa mikono yake mwenyewe, na mikono yake ilikuwa ya kuangusha madume ya ng'ombe.

Rubisi ilikuwa bado inachacha. Jua lilipopanda, madumu yakaanza kuvimba ndani ya gari. Mshenga wao, Polikarpi, alikuwa amekaa nyuma ameyakumbatia yasigongane. Walipofika Kiruruma, dumu la kwanza likapasuka. Polikarpi alikuwa bado anajifuta macho lilipopasuka la pili.

Nyumbani kwa Jasson walikuwa wamekaa tayari, majani ya mgomba yametandikwa, kahawa ya kutafuna imewekwa kwenye vikapu vidogo. Wageni wakaingia. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikaitikiwa. Polikarpi alikuwa amevaa kanzu iliyotoka nyumbani ikiwa nyeupe. Nzi walimfuata mpaka kitini.

"Mzee mwenzangu," Jasson alimwambia, "rubisi iko wapi?"

Polikarpi akaitazama kanzu yake. "Iko hapa."

"Basi tumwonje mshenga," alisema Eustadia.

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa Eustadia hakuwa anatania. Tumwine alieleza habari ya vifuniko kuanzia mwanzo, bila kujitetea, na alipomaliza akainama kidogo kama mtu anayesubiri hukumu ya hakimu. Eustadia alisema desturi ni desturi. Chakula kipo, wageni wale, wapumzike, waje siku nyingine na madumu yanayopumua.

Hapo Ahabwe akaomba ruhusa ya kusema. Nyuma ya pazia, Atuhaire alifumba macho. Alikuwa amemwomba asilitaje deli lake la barafu lililokuwa garini.

"Baba," Ahabwe alisema, "kwenye gari kuna pombe nyingine. Nimeipika mimi."

Ndipo ikajulikana Ahabwe alikuwa anafanya kazi gani. Kwenye simu Atuhaire alikuwa amesema mchumba wake yuko kiwandani, na wazazi wakadhani ni cha minofu ya samaki. Kumbe kilikuwa kiwanda kidogo cha bia, cha Mtanzania mmoja aliyejifunza upishi huo Ujerumani. Mara moja kwa mwaka walipika bia ya sikukuu kwa namna ya Wajerumani, inayonywewa kwao mavuno yanapoisha. Ahabwe alikuwa amebeba chupa chache kwenye deli la barafu ili awapelekee rafiki zake wa Nyakatuntu, lakini akawakosa.

Chupa zikaletwa. Eustadia akaishika moja, akaigeuza, akaitazama chini.

"Hii ni chupa," alisema.

Hilo halikuweza kupingwa. Mzee mmoja wa ukoo akasema pombe ya posa haijawahi kutoka kwenye chupa. Mwingine akasema hata rubisi siku hizi inatoka kwenye dumu, na dumu halikuotea bustanini kama kibuyu. Wakabishana kwa muda, kisha wote wakamgeukia Jasson, kwa sababu mdomo uliokuwa utumike ulikuwa wake.

"Leteni endeku," alisema.

Ahabwe akamimina. Povu likapanda, likafika ukingoni, likapita, likashuka juu ya vidole vya Jasson na kuingia kwenye mkono wa koti lake la kanisani. Jasson hakuisogeza endeku. Alisubiri povu limalize shughuli yake. Kisha akachungulia ndani. Gizani mwa kibuyu rangi haikuonekana, basi akaomba na glasi. Kwenye glasi bia ilikuwa nyekundu ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, na jua la mlangoni lilipoipiga ikang'aa kama asali.

Akaonja funda moja. Koo likapanda, likashuka. Watu wakasubiri neno.

Jasson akaonja tena.

"Kaka," Eustadia alisema taratibu, "wewe huonji mara mbili."

"Leo naonja."

Akaonja na mara ya tatu. Sasa hata wazee waliokuwa wanatafuna kahawa waliacha kutafuna. Atuhaire nyuma ya pazia alishika mkono wa mama yake, na Yudesi, aliyeishi na uso ule tangu ujana wake, akanong'ona kwamba hata yeye hajui.

"Kijana," Jasson alisema, "ndani kuna nini?"

"Shayiri, baba. Inalowekwa mpaka iote, halafu inakaushwa kwenye moto mpaka ipate rangi. Inakuwa kimea. Halafu maji, hamira, na majani fulani machungu kidogo."

"Sukari?"

"Hakuna. Utamu ni wa kimea chenyewe."

"Halafu?"

"Halafu tunaiweka kwenye baridi. Inapikwa masika, inanywewa kiangazi kinapoisha."

"Muda wote huo mnaifanya nini?"

Ahabwe akafikiri. Kuna maelezo mengi ya kitaalamu angeweza kutoa, lakini mbele ya uso ule yote yalimtoka. "Tunaiacha," alisema.

Jasson akatikisa kichwa kukubali.

"Hata fisi anajua kusubiri," alisema Eustadia.

"Onja," alisema Jasson, akampa endeku.

Eustadia akaonja kama anayemeza dawa ya minyoo. Akasema ni nzito, lakini haigandi mdomoni. Akasema ina harufu ya mkate. Akasema mkate si pombe. Akaonja tena ili aone kama bado ina harufu ya mkate, akasema ndiyo, bado inayo, na endeku hakuirudisha.

"Inafaa," alisema Jasson.

Mazungumzo yakaanza. Ng'ombe walipangwa, na Tumwine, aliyefika akiwa na hatia ya vifuniko, hakubishania hata ndama. Polikarpi aliazimwa shati.

Kesho yake asubuhi Atuhaire alimfuata baba yake migombani, akamkuta anakata majani makavu. Alisaidia kwa muda, kisha akauliza.

"Baba, jana ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilikuwa naonja."

"Mara tatu?"

Jasson akaendelea kukata. Alipofika mgomba wa tatu akasimama.

"Bibi yako Kemirembe alikuwa anaotesha mtama kwa ajili ya rubisi," alisema. "Anauloweka, anaufunika kwa majani ya mgomba mpaka uote, anaukausha, anaukaanga juu ya kigae. Alikuwa akinipa konzi moja nitafune ukiwa bado wa moto. Nilikuwa mdogo. Siku hizi watu wanatia unga wa dukani na sukari, inachacha haraka, sawa tu. Ile ladha nilidhani tuliizika naye."

"Na bia ya Ahabwe inayo?"

"Funda la kwanza nilidhani nimekosea."

Atuhaire alimtazama. Uso ulikuwa uleule. Machozi ndiyo yalikuwa yanateremka, bila kuusumbua, na baba yake aliyaacha yashuke kama alivyoliacha povu. Kisha akamwambia amshikie kamba, mkungu ule uko tayari.

Harusi ilifanyika baada ya kahawa kuvunwa, kwenye kanisa la Igurwa. Ilinywewa rubisi, na Tumwine alizuiwa na watu wawili asikaribie madumu. Chupa za kimea zilikuwepo kwa wazee. Eustadia alizigawa yeye, akimweleza kila aliyepokea kwamba yeye bia hiyo haipendi.

Maharusi walirudi Mwanza. Ahabwe aliahidi kutuma chupa kila mwaka, lakini makondakta wa basi walizikataa, na Jasson hakuulizia. Mvua ziliponyesha alilima kipande cha ardhi pembeni mwa migomba, akapanda mtama. Yudesi alimuuliza nani atauotesha, maana yeye hakuwahi kufundishwa na mama mkwe, naye Jasson wakati ule alikuwa wa kupewa konzi ya kutafuna tu.

"Tutajaribu," alisema Jasson.

Ndege waliula karibu wote. Uliosalia ulitosha kujaza bakuli, wakauloweka, ukaoza. Jasson alinusa, akasema haufai, akawamwagia kuku. Msimu uliofuata alipanda tena, na safari hii akaweka kiti chake kando ya shamba, akakaa hapo mchana kutwa akiwatazama ndege. Yudesi anasema wanamwogopa. Hawajui anawaza nini.